Bemoli Saba za Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza asubuhi, na wifi yangu ameingia saa nane mchana. Sijui ni kipi kitakachonilowesha zaidi.

Mume wangu alikwenda kumpokea, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na masanduku matatu, akihema kama mvuta mkokoteni. "Dada atakaa nasi mpaka apone," aliniambia wiki iliyopita, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba na hataki kuulizwa maswali. Anachopona ni koo. Mwezi uliopita walimpasua wakamtoa rovu, na kovu amelifunika kwa kitambaa cha hariri, kama kawaida yake: hata ugonjwa anauvalisha.

Wifi yangu ni mwimbaji. Si wa kuimba akifua. Ni yule ambaye akiingia ukumbini watu wanaacha kukohoa. Miaka yote ameimba na okestra yetu, na mimi nimekaa nyuma yake na kinubi changu, nikitazama mgongo wake. Mgongo huo naweza kuuchora nimefumba macho. Uso wake, akiimba, siujui.

Alisimama sebuleni, akakitazama kinubi kilichokaa kati ya kabati na dirisha, akanong'ona, maana mnong'ono ndio uliobaki: "Hilo dubwana bado linakula nusu ya nyumba?"

"Karibu, wifi," nikasema.

Mungu anipe subira.

Jumatano, 5 Machi

Amehamisha kabati la vyombo. Anasema lilikuwa linambana pumzi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo dirisha. Nilimweleza tangu siku ya kwanza: nyuzi za kinubi ni utumbo wa mnyama, unyevu ukiingia zinavimba, zinaharibika sauti, mwisho zinakatika. Nimerudi kutoka chuoni ninakofundisha, nimekuta dirisha wazi mpaka ukutani, mapazia yanapepea, na nyuzi mbili zimekatika.

"Wifi, dirisha," nikasema.

"Kinubi kinataka kufungiwa, mimi nataka hewa," akanong'ona. "Kati yetu nani ametoka hospitali?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu ni fundi wa miwani. Kazi yake ni kuwafanya watu waone. Lakini leo yeye mwenyewe hakuona kitu. Alikuwa anasoma maelekezo nyuma ya pakiti ya sabuni.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi ya kwanza ya onyesho la mwisho wa mvua. Kiongozi wa okestra, ambaye sisi sote tunamwita Mwalimu (mama mkwe wangu humwita kondakta, na hakosi kuuliza kama bado anadai nauli), ametugawia karatasi. Wimbo wa mwisho ni uleule: wimbo wa taa. Sauti moja, kinubi na okestra. Mwanamke anawasha taa dirishani na kumngoja mtu ambaye hatumjui. Watu wanaukatia tiketi kwa sababu ya wifi. Uko katika ufunguo wa C, ufunguo usio na alama hata moja ya kupandisha wala ya kushusha noti, mweupe kama sahani iliyooshwa. Mwishoni sauti inapanda hadi A ya juu na kukaa pale, kinubi kikiizunguka polepole.

Baada ya mazoezi Mwalimu aliniita pembeni. "Atakuwa tayari?"

"Anasema atakuwa."

"Nimemwambia Chiriku ajifunze. Kwa tahadhari tu." Chiriku ni mwanafunzi wa sauti, binti mwembamba mwenye sauti nyepesi, jina hilo alipewa na wapiga fidla. "Mwambie wifi yako. Asije akasikia kwa watu."

Mtu huyu hana moyo, ana mita ya kupimia muda. Nimemwambia wifi leo hii, wakati wa chakula, nikiwa tayari kukwepa sahani. Alitafuna taratibu akamaliza.

"Mwache ajifunze," alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Mume wangu alipaliwa na maji.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Mvua. Chai. Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Sauti ya kuongea imerudi. Inakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta, lakini ni sauti. Ameitumia siku nzima kunieleza jinsi ya kupika mchuzi.

Ijumaa, 28 Machi

Daktari wa koo amemruhusu kuimba kidogo. Kila siku saa nne asubuhi anasimama chumbani kwake, mlango umefungwa, na kuanza kupanda ngazi ya noti. Mimi niko jikoni, nakata vitunguu, namsikiliza. Anapanda vizuri. Anafika G. Anavuta pumzi, anaigusa A, na pale pale inakatika. Si kwa kelele, inatoweka tu, kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Anashuka. Anaanza tena.

Jumatatu, 31 Machi

Hadi G. Halafu kimya.

Alhamisi, 3 Aprili

Hadi G.

Leo alipotoka chumbani alinikuta nimesimama na kisu mkononi, vitunguu sijavigusa. "Unasikiliza nini?" akauliza.

"Mvua," nikasema.

Jumanne, 8 Aprili

Tumegombana, na kwa kuwa hapana mtu wa kumweleza, nitaandika yote.

Nilikuwa nalinganisha kinubi. Asiyekijua hawezi kujua kwamba kinubi kina tabia ya pekee. Chini kina pedali saba, moja kwa kila noti, na kila pedali ina ngazi tatu. Ukiikanyaga, chuma kidogo kule juu kinaubana uzi, uzi unafupika na sauti inapanda nusu toni. Ukiziachilia pedali zote zikapanda juu, hakuna kinachobana chochote. Kila uzi uko huru kwa urefu wake wote. Hapo kinubi kiko katika C bemoli: bemoli saba, kila noti imeshushwa nusu toni. Ndivyo ninavyokilinganisha kila asubuhi, na ndivyo ninavyokiacha nikimaliza kazi, kipumzike.

Huo ni ufunguo ambao karibu hakuna anayeutungia wimbo. Wapiga fidla wakiona bemoli saba zimepangana mwanzoni mwa mstari wanashtuka kama wameona nyoka kwenye kiatu. Mtunzi akitaka sauti hizo hizo huandika B, yenye alama tano tu za kupandisha, na kila mtu anakwenda nyumbani mapema. Lakini kwa kinubi, B ni kubanwa na C bemoli ni kuachiwa, na anayeketi karibu anasikia tofauti.

Wifi alikuwa kwenye kochi, shingo kaifunga, anatazama dirisha (limefungwa, siku hizi tuna mkataba). Nikasema, bila kuinua macho: "Wifi, wimbo wa taa tungeushusha nusu toni tu. A ingekuwa A bemoli. Hakuna mtu ukumbini atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Nusu toni, wifi. Upana wa unywele."

"Basi kama ni unywele, kwa nini unautoa?" Alisimama. "Wimbo ule watu wanaujua pale ulipo. Nikiushusha, nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba walichokitoa shingoni mwangu hakikuwa rovu peke yake."

Ningekaa kimya, ingekuwa heri. Badala yake nikasema nilikuwa nataka kumsaidia. Akanigeukia.

"Usinihurumie. Huruma nililetewa hospitalini, na maua, na biskuti. Biskuti nilizila. Huruma sikujua pa kuiweka."

Akaingia chumbani. Saa chache baadaye nikamsikia tena: hadi G.

Jumatano, 9 Aprili

Hatusemezani. Mume wangu anapeleka ujumbe kati ya jiko na chumba kama tarishi. "Dada anauliza kama chumvi imekwisha." "Mwambie haijakwisha, imo yote ndani ya mchuzi wake wa jana."

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetoka kununua mahitaji, mvua ya upepo imenikuta sokoni. Nikakumbuka dirisha la sebuleni lina ufa pembeni. Nimerudi mbio, maji mpaka kwenye sidiria, nikijua nitakuta nini.

Nimekuta taulo la wifi, lile jeupe zuri lenye tarizi, limesokomezwa kwenye ufa wote kutoka juu hadi chini. Kinubi kimefunikwa kwa blanketi lake.

Yeye yuko chumbani, mlango umefungwa. Nimepika mchuzi kama alivyonielekeza siku ile, na ni kweli, ni mtamu zaidi.

Jumatano, 16 Aprili

Mazungumzo yamerudi. Tumeanza na hali ya hewa, kama wageni.

Jumanne, 22 Aprili

Nimechoka, lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Alisema atakuja mazoezini. Mume wangu alimwambia, "Dada, ngoja kidogo." Dada akamjibu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kwa hiyo asimfundishe kungoja. Alivaa gauni la buluu. Alipoingia ukumbini wote walisimama, wakapiga kelele za furaha, wapiga fidla wakagonga pinde zao kwenye stendi. Chiriku alijificha nyuma ya mpiga chelo, yule mzee mnene mwenye utani, kana kwamba ameshikwa na nguo ya mtu.

Mwalimu aliuliza, "Tuanze na upi?"

"Wa taa. Katika C."

Mwalimu alinitazama mimi. Mimi nikazitazama pedali, nikazikanyaga zote mpaka ngazi ya kati.

Mwanzo ulikuwa mzuri; naapa ulikuwa mzuri. Sauti imebadilika, ina kivuli ndani ambacho haikuwa nacho, lakini ilitufanya sote tukae wima. Nikaanza kuamini. Nikajisemea labda chumbani ni baridi tu, labda hapa, mbele ya watu, itapanda yenyewe. Ikafika F. Ikafika G. Niliuona mgongo wake ukijiandaa, mabega yakishuka kama zamani.

A ilitoka kwa mkwaruzo, ikakatika.

Okestra iliendelea kidogo, kama gari lililozimwa likiwa mlimani, halafu ikasimama.

"Tena," alisema wifi.

"Inatosha kwa leo, mama," alisema Mwalimu, taratibu.

"Nimesema tena."

Tukarudia kuanzia ubeti wa mwisho. Safari hii hata G haikuja. Alifungua kinywa na ikatoka hewa, hewa tupu, na mkono wake ukaenda shingoni. Hakuna aliyesogea. Nyuma ya chelo Chiriku alianza kulia, kilio cha kuzuiazuia, na hicho ndicho kilichomvunja wifi. Alichukua mkoba akatoka.

Sijawahi kukiacha kinubi cha ukumbini bila kukifunika. Leo nimekiacha, na mwavuli nimeusahau. Nilimkuta getini, mvua inamwagika juu ya gauni la buluu, anajaribu kuniambia neno na neno halitoki. Hata mnong'ono haukuwepo. Akanionyesha koo lake, kisha akatikisa kichwa, kisha akacheka, kicheko kisicho na sauti. Nisingependa kukiona tena maishani.

Nikamshika mkono. Tulitembea hivyo mpaka nyumbani. Kwenye ngazi aliniegemea, na nikagundua jinsi alivyokuwa mwepesi. Miaka yote nilidhani ni mtu mkubwa.

Jumatano, 23 Aprili

Daktari amesema mshipa mdogo umepasuka kwenye nyuzi za sauti. Hapakatwi wala hapashonwi; dawa ni kimya. Wiki mbili. Asiongee, asinong'one, asiimbe hata moyoni, akasema, maana koo husikia.

"Baada ya hapo ataimba?" nikauliza.

"Baada ya hapo tutaona," akasema daktari, na akanawa mikono.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumempa kikombe na kijiko. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, mara tatu ni chai. Kugonga mfululizo ni mume wangu anasema upuuzi.

"Maisha yangu yote nimeomba dada anyamaze japo siku moja," alisema leo mezani, "na sasa zimekuja wiki mbili kwa mpigo."

Akagongewa mfululizo. Sote tukacheka. Baadaye alikwenda bafuni kunawa uso, akakaa sana, maji yakitiririka. Mume wangu hufungua bomba akitaka kulia. Anadhani sijui.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama mkwe amepiga simu. Nilimweleza kwamba bintiye hawezi kujibu. "Niwekee tu sikioni mwake," akasema. Nimemsikia akimsimulia habari za jirani, za kuku, za meno yake mapya, akinyamaza panapostahili jibu na kuendelea kana kwamba amejibiwa. Wifi alikuwa anagonga kikombe kwenye simu. Moja. Moja. Mbili. Moja.

"Huyu mwanangu siku hizi ana adabu," mama mkwe alisema aliponiaga. Kisha sauti ikamkatika, naye pia.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua leo imepiga mchana kutwa bila kupumzika. Chuo kimefungwa kwa sababu ya maji barabarani. Nilikaa kwenye kinubi, si kufanya mazoezi hasa, vidole tu vilikuwa vinatafuta kazi. Pedali zote zilikuwa juu, kama nilivyoziacha asubuhi. Bila kufikiri nikaanza wimbo wa taa.

Wifi alitoka chumbani. Akaketi sakafuni, yeye wa hariri na tarizi, sakafuni kabisa, akaegemeza shavu kwenye ubao wa kinubi. Nilitaka kuacha. Akanipungia mkono: endelea.

Nikapiga mpaka mwisho. Alinyanyua kidole: tena. Nikapiga tena. Safari ya pili alikuwa amefumba macho, na nilipofika pale juu, pale sauti inapokaa na kinubi kinazunguka, nikaona koo lake likitulia. Halikujibana. Lilikaa tu, kama la mtu aliyelala.

Alifumbua macho akanionyesha miguu yangu. Alikuwa ametambua kwamba haikusogea.

"Ziko juu zote," nikamwambia. "Hivi ndivyo kinavyokaa kikiachwa chenyewe. Ngoja." Nikazikanyaga pedali, moja baada ya nyingine, mpaka C, nikapiga mstari mmoja. Ilikuwa safi, ng'avu, imekaza. Nikaziachilia, nikapiga mstari uleule. Sauti ilipanuka chini yake mpaka nikaisikia kwenye magoti. Nadhani yeye aliisikia kwenye mfupa wa shavu.

"Hii?" nikauliza.

Kikombe kilikuwa mbali, mezani. Akagonga ubao wa kinubi kwa kidole. Mara moja.

Hatukuzungumza zaidi, ni wazi hatukuzungumza. Alibaki pale chini mpaka mume wangu aliporudi, akatukuta hivyo, akavua viatu mlangoni na kupita kwa vidole vya miguu kuelekea jikoni, akatupikia chai mbaya sana.

Jumamosi, 3 Mei

Hakuna jipya. Kikombe kimepata ufa. Tumempa kingine.

Jumatano, 7 Mei

Kimya kimekwisha leo. Daktari alimchungulia koo kwa kioo, akasema pamefunga vizuri, aanze kidogo kidogo, na asishindane na mtu, hata na nafsi yake.

Tulidhani neno la kwanza lingekuwa la sala, au la kumtukana mume wangu, ambaye ameliomba kwa muda mrefu. Alingoja mpaka tumefika nyumbani, amevua viatu, ameketi.

"Wifi," akasema. Sauti ndogo, yenye vumbi.

"Abee."

"Nishushie."

Nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki. Nilikuwa sina bomba la kufungua, maji yalikuwa yamekatika, kwa hiyo nililia hivi hivi.

Ijumaa, 9 Mei

Nilimpigia Mwalimu jana kumwambia kwamba wifi anataka kuimba katika C bemoli. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nilikuwa na hoja tano. Akasema tu, "Nakuja," akakata simu.

Amekuja leo, amelowa chapachapa, na ndani ya koti, kifuani, kavu kabisa, mfuko wa nailoni. Ndani yake karatasi za okestra nzima: fidla, chelo, filimbi, zote zimeandikwa upya kwa mkono.

"Wapiga fidla wangu nikiwawekea bemoli saba watagoma," alisema. "Wao wataona B, alama tano. Wewe na kinubi utaona C bemoli. Mlango ni mmoja, anwani mbili."

Nilizigeuza karatasi. Wino mwingine ulikuwa mkavu wa siku nyingi. "Umeandika lini zote hizi?"

"Nilianza siku ile ile A ilipokatika. Nyinyi mliondoka, mimi nikabaki ukumbini, sikuwa na la kufanya." Alikuwa anamtazama wifi, si mimi. "Sikuthubutu kuzileta kabla hujasema mwenyewe. Ungenirushia kikombe."

"Kikombe nilikuwa nakihitaji," alisema wifi. "Nilikuwa naongea nacho."

Akacheka Mwalimu. Sijui kama nimewahi kumsikia. Ana kicheko cha mtoto, cha puani. Na mimi niliandika humu kwamba hana moyo. Siufuti mstari ule. Nauacha uwe shahidi dhidi yangu.

Jumanne, 13 Mei

Mazoezi. Mzee wa chelo alichungulia karatasi yangu, akahesabu bemoli kwa kidole, akashika kichwa. "Mimi naona B, yeye anaona C. Tutakutana wapi sisi?"

"Kwenye sauti," alisema Mwalimu. "Kaeni vizuri."

Wifi aliimba kwa nusu ya nguvu. A bemoli ilikuja, ndogo, imara. Hakuna aliyepiga makofi; walitazama karatasi zao, na nikaona ni kwa heshima. Walipopumzika Chiriku alimletea kikombe cha maji ya moto, amekishika kwa mikono miwili. Wifi alikunywa, akamrudishia.

"Ulilia kwa ajili yangu siku ile?"

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Usiombe samahani. Lakini usilie kwa koo. Litakuharibikia. Lia kwa macho tu."

Jumanne, 20 Mei

Mazoezi. Vizuri.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zinapungua. Leo jua limetoka, tumefungua dirisha kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Ijumaa, 30 Mei

Hataki kula. Anasema hana woga. Amepanga masanduku yake mara mbili na kuyapangua.

Jumamosi, 31 Mei

Kabla hatujaingia alimwambia Mwalimu, "Leo sisimami mbele. Nisimamishe pembeni ya kinubi, niione mikono yake." Mwalimu akasogeza stendi mbili, wapiga fidla wakanung'unika, ikawa.

Kwa hiyo nimemwona. Nimekaa nyuma yake miaka mingi na sikujua kwamba anapoimba nyusi zake zinapanda kama za mtu anayesikiliza habari njema. Sikujua kwamba kabla ya kila ubeti anaonja midomo. Sikujua kwamba anaogopa. Kumbe anaogopa kila wakati, tangu zamani. Mgongo ndio hauogopi.

Wimbo ulianza. Pedali zangu zote zilikuwa juu, nyuzi zote wazi. Taa ikawashwa. Sauti yake haikuwa ile ya zamani na haikujaribu kuwa. Ya zamani ilikuwa inakuja kwako kama mtu anayejua atapewa kiti. Hii iliingia polepole, ikatafuta, ikakaa karibu. Tulipokaribia mwisho alinitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa, nikamwekea noti zangu chini yake kama mtu anayetandika kitanda.

Akapanda. A bemoli ikaja. Haikuja kwa nguvu, ilifunguka tu, na akakaa ndani yake, na mimi nikazunguka, nikazunguka, na Mwalimu aliacha kuhesabu muda, namwona, mkono wake umesimama hewani, anangoja mpaka wifi atakapotosheka.

Ukumbi mzima ukasimama.

Baadaye mlangoni alikuja mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye huja kila mwaka na kukaa mstari wa pili. Alimshika wifi mkono kwa mikono yote miwili. "Nimeusikia wimbo huu mara nyingi," alisema, "lakini mwaka huu umeupandisha. Umekwenda juu zaidi. Sijakosea, masikio yangu bado mazima."

Nilimwona Mwalimu akigeuka haraka kutazama bango la ukutani.

"Hujakosea, baba," alisema wifi. "Nimeupandisha."

Jumapili, 1 Juni

Tumelala sote mpaka mchana, kama mawe.

Jumatano, 4 Juni

Wifi anaondoka Jumamosi. Mume wangu anauliza kila saa kama masanduku yamekwisha kufungwa, na kila saa anaondoka kabla ya kujibiwa.

Leo alasiri mlango umegongwa, na ni Chiriku, amebana nywele, amevaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nilidhani amepotea njia. "Nimemwita mimi," alisema wifi. "Wifi yangu, tupigie wimbo wa taa. Katika C."

Sikuelewa, lakini nilikaa, nikazikanyaga pedali zote saba.

"Uimbe pale ulipoandikwa," alimwambia binti. "Mwaka ujao ni wako. Nimeshamwambia Mwalimu."

Chiriku alishika kiti. "Na wewe, mama?"

"Mimi nina bemoli zangu saba, nitatungiwa zingine. Hii C ulikuwa umeiazima. Leo nakupa. Simama vizuri."

Binti akaimba. Mwanzoni sauti ilimtetemeka, halafu ikatulia. Wifi alisimama mbele yake, mkono mmoja shingoni juu ya kovu, bila kitambaa. Sikujua ni lini aliacha kulifunika. Niliogopa kumtazama. Nilipomtazama niliona midomo yake inatengeneza kila neno pamoja na binti, bila sauti, kama mama anayemlisha mtoto na kufungua kinywa chake mwenyewe. Chiriku alifika G, akaikimbilia A, akaigusa na kuiacha upesi.

"Tena," alisema wifi. "Pale juu usikimbie. Hapaunguzi. Kaa."

Tukarudia. Binti akapanda, akakaa. A ya juu ilijaa chumba chote, nyeupe, changa, bila hofu yoyote, na wifi alilia. Alilia waziwazi, hakutafuta kisingizio wala kitambaa, na kwa macho tu. Chiriku alimwona, akataka kunyamaza. Wifi akampa mkono wake aushike, akamwashiria kwa kichwa asiache, na mimi nikaendelea kuzunguka chini yao, kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha.